Nani Aliiweka Nukta Hii?

Katika shule yetu tunafundishwa kukiheshimu kitabu. Hilo ni jambo jema, kwa maana asiyekiheshimu kitabu hataki elimu. Lakini yako mambo ambayo kitabu hakiyasemi mpaka kiulizwe, na moja katika hayo ndilo nitakalo kulieleza hapa. Ni jambo dogo kama punje ya mtama: nukta iliyo juu ya nota ya piano. Kwa muda wa muhula mmoja na likizo moja mimi na mwenzangu tuliulizana swali moja tu: nani aliiweka nukta hii? Nadhani jibu tulilolipata litawafaa hata wale ambao hawajapata kugusa piano maishani mwao.

Kwanza niwaeleze wasiojua. Nota humwambia mchezaji apige sauti gani, na kwa muda gani. Lakini nota peke yake ni kama maneno yaliyoandikwa bila kituo wala mkato. Kwa hiyo huongezwa alama nyingine ndogo ndogo. Nukta juu ya nota husema: idonoe, uiache upesi. Upinde uliopita juu ya nota kadhaa husema: ziunganishe kwa pumzi moja, kama afanyavyo mwimbaji. Alama iliyo kama mdomo wa ndege, uliofunguka upande wa kushoto, husema: hapa tia mkazo. Tena uko mstari mdogo wa wima, nao pia hukaa juu ya nota. Habari zake nitazieleza baadaye. Ukizibadili alama hizi na kuziacha nota vile vile, wimbo hubadilika tabia. Uliokuwa wa upole huwa wa mzaha, na uliokuwa wa kucheza huwa wa kulia.

Mtu asicheke kwamba tunashughulika na nukta. Mtoto yeyote aliyesoma chuoni huko pwani anajua kwamba katika herufi za Kiarabu nukta moja chini ni ba, mbili juu ni ta, na tatu juu ni tha. Umbo la herufi ni lile lile. Nukta ndiyo inayosema. Mwandishi akiisahau, au mdudu akiila karatasi mahali pale, msomaji atasoma neno jingine. Basi na katika muziki ni vivyo hivyo.

Sasa nitaeleza jinsi shauri hili lilivyoanza. Mwaka jana shule yetu iliwapeleka wachezaji wawili wa piano katika mashindano ya shule. Mimi nilikuwa mmoja, na wa pili alikuwa mwenzangu wa bwenini. Yeye alipangiwa utungo mfupi wa Johann Sebastian Bach, ule wa kwanza katika mafungu ambayo Bach mwenyewe aliyapa jina la Inventio. Mwalimu wetu alimpa kitabu kisicho na alama nyingi, naye akajizoeza kila jioni baada ya michezo, mpaka wapishi wa bwalo wakaweza kuupiga mluzi wimbo ule. Aliupiga kwa kuunganisha nota, taratibu, kama watu wawili wanaozungumza bila kukatana maneno. Sisi tuliomsikia tulidhani atarudi na kikombe.

Hakurudi na kikombe. Mwamuzi alikuwa na kitabu kingine mbele yake, nacho kilikuwa kimejaa nukta, pinde, mikazo na herufi za nguvu za sauti. Katika karatasi yake aliandika kwamba mchezaji ana vidole vyepesi, lakini hakufuata alama za mtungaji, na kwa sababu hiyo akampunguzia maksi. Mwenzangu aliisoma karatasi ile ndani ya basi, akaikunja, akaitia mfukoni. Majuma mawili hakuligusa piano. Nilipomwuliza, alijibu kwamba hawezi kujua tena kitabu kipi ni cha kweli, na kama hajui, ajizoeze nini?

Mwalimu wetu alipopata habari hii hakukasirika, wala hakumsema mwamuzi kwa ubaya. Alitupeleka katika kabati la bwalo, akatoa kitabu kikuukuu cha utungo ule ule, kilicholiwa na mchwa pembeni, ambacho alama zake zilikuwa kama zile za kitabu cha mwamuzi. Ukurasa wake wa kwanza, wenye jina la mtu aliyekitengeneza na mwaka wa chapa, ulikuwa umeng'oka zamani. Akakiweka kando ya kile kisicho na alama nyingi, akatuambia, “Haya, vijana. Hawa ni mashahidi wawili wanaopingana. Hakimu hapigi kura. Huuliza kila mmoja alipata wapi habari zake. Nendeni mkaulize.”

Basi tukaanza. Tulichora jedwali katika daftari la hesabu. Kila mstari wa jedwali ulikuwa kipande kimoja cha utungo, na kila safu ilikuwa kitabu kimoja. Tuliandika kila nukta, kila upinde na kila mkazo, mahali pake hasa. Kazi hii ilituchukua jioni nne kwa utungo unaojaza kurasa mbili tu. Lakini ilipokwisha tuliona wazi jambo ambalo macho ya haraka hayalioni: nota zilikuwa karibu sawa kabisa, na alama hazikulingana karibu kila kipande.

Kisha tukamtafuta shahidi wa tatu, yaani mtungaji mwenyewe. Bach alifariki mwaka 1750, lakini mwandiko wa mkono wake wa tungo hizi, alioumaliza mwaka 1723, ungalipo katika maktaba ya taifa huko Berlin, na picha zake zinaonekana katika intaneti. Mwalimu alituombea nafasi katika chumba cha kompyuta. Nakumbuka tulivyonyamaza picha ile ilipofunguka. Mwandiko ni mzuri, na mistari inayounganisha nota imepindapinda kama mawimbi. Tulitazama utungo wa kwanza kutoka juu mpaka chini. Hapakuwa na nukta ya kudonoa hata moja. Hapakuwa na upinde juu ya nota, wala mkazo, wala neno la kusema upigwe upesi au taratibu. Mwenzangu alisogeza kiti, akahesabu tena kwa kidole, kisha akasema polepole, “Basi alama nilizoambiwa sikuzifuata hakuziandika yeye.”

Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini yasimfanye mtu adhani kwamba Bach hakujali namna ya kupiga. Katika ukurasa wa mbele wa mwandiko ule ule ameeleza makusudi yake: wenye kupenda kujifunza wapate kucheza sauti mbili kwa usafi, kisha tatu, na zaidi ya yote wapate kupiga kwa namna ya kuimba. Tena katika tungo chache, kama ile ya tatu, ameweka pinde kwa mkono wake. Katika wakati ule mwalimu alikaa na mwanafunzi kiti kwa kiti, na mengi yalifundishwa kwa mdomo na kwa sikio. Karatasi haikubebeshwa kila kitu.

Na uko ushahidi mwingine ulio katika chombo chenyewe. Katika siku za Bach watu wengi walipiga hapsikodi, ambayo nyuzi zake huchomolewa na kijiti kidogo kilicho kama ncha ya unyoya. Ukibonyeza kibao cha hapsikodi kwa nguvu au kwa upole, sauti haibadiliki sana. Palikuwa na vinanda vingine vidogo vilivyosikia nguvu ya kidole, lakini sauti yavyo ilikuwa hafifu mno. Kwa hiyo ukiona katika kitabu cha Bach mikazo mingi mikubwa, na herufi za kupandisha na kushusha nguvu kila mahali, jua kwamba aliyeziweka alikuwa akifikiria piano ya wakati wake mwenyewe.

Je, ni nani hao walioziweka? Ni wahariri. Mmoja aliyejulikana sana ni Carl Czerny wa Vienna, ambaye mazoezi yake ya vidole yamewatoa jasho wanafunzi wa dunia nzima. Mwaka 1837 alitengeneza chapa ya kitabu kikubwa cha Bach chenye tungo 48 za prelude na fuga, akakijaza alama za mwendo, nguvu, nukta na pinde. Czerny hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mwanafunzi wa Beethoven, naye alieleza kwamba mambo mengi aliyoyaweka aliyakumbuka kutokana na jinsi alivyomsikia Beethoven akizipiga tungo hizo. Tazama basi: alama zile si za Bach, lakini si takataka. Ni ushuhuda wa jinsi watu wakubwa wa Vienna walivyompiga Bach miaka mingi baada ya kufa kwake. Shida ni moja tu, nayo ni kwamba zimechapwa kwa wino ule ule na kwa ukubwa ule ule wa nota za Bach, bila ya kuonyesha mpaka. Mtoto aliyefungua kitabu kile hakuwa na njia ya kujua wapi babu anasema na wapi mjukuu anaongeza.

Baada ya hapo hamu ilitushika, tukataka kujua kama jambo hili lilimpata Bach peke yake. Tuliona kwamba liliwapata karibu wote, na wengine liliwapata wangali hai.

Kisa kilichotuchekesha sana ni cha Beethoven. Mwaka 1803 mchapaji mmoja wa Zürich, jina lake Nägeli, alichapa sonata zake mpya za piano. Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, alikaa akazipiga kutoka katika chapa ile, na mwalimu wake akawa anasikiliza. Ghafula Beethoven aliruka kwa hasira akauliza mambo yale yameandikwa wapi. Ries akamwonyesha kwamba yamechapwa hivyo. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza ya sonata ya kwanza katika zile, mchapaji alikuwa ameongeza vipande vinne vizima ambavyo mtungaji hakuviandika! Tena makosa mengine yalikuwa mengi. Orodha ya makosa kama 80 ilipelekwa kwa mchapaji mwingine, Simrock wa mji wa Bonn, naye akatoa chapa mpya na kuandika juu yake kwa Kifaransa kwamba hii ndiyo chapa iliyo sahihi sana. Kama mchapaji aliweza kuongeza vipande vinne mtungaji angali hai na mwenye ukali kama simba, basi nukta moja ni kitu gani kwake?

Lakini tusiwalaumu wachapaji wote, maana kazi yao ilikuwa ngumu. Siku zile muziki ulichongwa juu ya sahani za madini laini, na fundi alichonga kila kitu kinyumenyume, kama mtu anayeandika katika kioo, ili karatasi ikigandamizwa isomeke sawa. Nota alizigonga kwa mihuri midogo ya chuma, na pinde alizichonga kwa mkono. Upinde ulioanza juu ya nota ya pili katika mwandiko uliweza kuanza juu ya nota ya kwanza katika sahani, kwa kuwa mkono wa fundi uliteleza kidogo tu. Na fundi asiyejali tofauti ya nukta na mstari wa wima aligonga alama moja kwa zote mbili.

Hapo ndipo penye mgogoro mkubwa kuliko yote tuliyoyasoma. Mozart na Beethoven katika mwandiko wao waliweka mara nukta, mara mistari midogo ya wima. Je, ni alama mbili zenye maana mbili, au ni alama moja iliyoandikwa na kalamu iliyo mbioni? Beethoven mwenyewe alilizungumzia jambo hili. Mwaka 1825 alimwandikia Karl Holz barua juu ya nakala za muziki wake wa vyombo vinne vya nyuzi, akasisitiza kwamba nukta na mstari si kitu kimoja, na kwamba pinde zibaki pale pale alipoziweka. Lakini ukitazama miandiko yake aliyoiandika kwa haraka, mara nyingi huwezi kutofautisha. Na juu ya Mozart, mwaka 1954 jumuiya ya wataalamu wa muziki ya Ujerumani iliitoa habari hii kuwa swali la mashindano, na mwaka 1957 majibu matano yalichapwa pamoja. Fikirini: watu wazima wenye vyeo vya elimu wakishindania mstari ulio mfupi kuliko kope ya jicho! Na mpaka leo mabishano hayajaisha.

Wala mtu asidhani kwamba miandiko yote imekwisha kutazamwa. Sonata ya Mozart ambayo sehemu yake ya mwisho ni ule mwendo wa Kituruki upendwao na watu wote, ilichapwa Vienna mwaka 1784, na kwa muda mrefu sana ukurasa wa mwisho tu wa mwandiko wake ndio uliojulikana. Mwaka 2014 katika maktaba ya taifa ya Hungaria, mjini Budapest, zilionekana kurasa nne nyingine za mkono wa Mozart za sonata ile ile, zikiwa katikati ya karatasi ambazo hazikutambuliwa. Kurasa zile zilionyesha mahali kadhaa ambapo vitabu vilivyotumiwa ulimwenguni kwa zaidi ya miaka 200 havilingani na mwandiko wake. Kwa hiyo asemaye kwamba neno la mwisho limekwisha kusemwa, angoje kwanza makabati yote yafunguliwe.

Frederic Chopin naye alitufundisha jambo jingine, nalo ni la nasaba. Katika siku zake hapakuwa na sheria moja ya mataifa ya kulinda mali ya mtungaji, kwa hiyo tungo zake nyingi zilitolewa karibu wakati mmoja katika nchi tatu: Paris, Leipzig na London. Mtu angeweza kudhani kwamba ana mashahidi watatu. Lakini sharti aulize kila kitabu kilizaliwa na nini. Tukitazama zile prelude 24 zilizotolewa mwaka 1839, mwandiko wa Chopin mwenyewe ndio uliopewa wachongaji wa Paris. Rafiki yake Julian Fontana aliunakili, na nakala hiyo ikapelekwa Leipzig. Chapa ya London nayo iliifuata ile ya Paris. Basi London na Paris zikikubaliana juu ya mkazo fulani, hao si mashahidi wawili. Ni shahidi mmoja na mwingine aliyesimuliwa naye. Jambo hili nadhani lina faida kubwa nje ya muziki pia. Ni habari ngapi tunazozisadiki kwa kuwa tumezisikia kwa watu kumi, kumbe wote kumi walizisikia kwa mmoja?

Tena kwa Chopin alama ya mkazo yenyewe ina kisa. Aliiandika mara fupi, mara ndefu ikapita juu ya nota mbili au tatu. Ikiwa ndefu, mchongaji huiona kama alama ya kupunguza sauti polepole, kwa sababu umbo lake ni lile lile. Schubert pia aliandika hivyo, mpaka wahariri wanabishana kama nota fulani inapigwa kwa nguvu au inazimwa kama mshumaa. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kama mashariki na magharibi! Jan Ekier wa Poland, aliyeongoza chapa kubwa ya taifa lake ya kazi zote za Chopin mpaka ikakamilika mwaka 2010, aliitenga mikazo hiyo mirefu na mifupi, na kueleza sababu zake mahali kwa mahali.

Na zaidi ya hayo, Chopin aliwafundisha wanafunzi, akaandika kwa penseli ndani ya vitabu vyao. Vitabu vya Jane Stirling na Camille Dubois vimehifadhiwa Paris, na ndani yake zimo alama ambazo hazimo katika chapa. Huenda mwanafunzi mmoja aliambiwa hivi na mwenzake akaambiwa vile, kwa kuwa vidole vyao na tabia zao vilikuwa mbalimbali. Hata Bach alirudi baadaye katika utungo wake wa kwanza, ule ule wa mwenzangu, akaongeza nota ndani ya mwandiko, akaubadili mwendo wake ukawa wa nota tatu tatu. Hapo tulielewa kwamba hata tukimfikia mtungaji mwenyewe, tunaweza kumkuta na kauli mbili, na zote zikawa zake.

Katika likizo tuliyaandika haya yote katika daftari, tukampelekea mwalimu. Aliyasoma, akatuuliza, “Basi kile kitabu cha kabatini tukichome?” Mwenzangu, ambaye ndiye aliyeumizwa na alama zile, alijibu kwamba kisichomwe. Alisema kiandikwe kwa penseli katika karatasi ya kwanza iliyobaki kwamba alama zilizomo si za Bach bali za mhariri asiyejulikana, kisha kirudishwe kabatini. Nilifurahi sana kusikia jibu hilo. Mtu mwenye uchungu akiweza kumhukumu adui yake kwa haki, amekwisha kupona.

Mwisho wa muhula, katika siku ya wazazi, mwalimu alimpa ruhusa kuupiga utungo ule mara mbili. Mara ya kwanza aliziunganisha nota kama alivyofanya katika mashindano. Mara ya pili alifuata alama za kitabu cha kabatini, akidonoa zile nota kubwa na kutia mikazo. Kisha wazazi waliulizwa ni upi walioupenda. Mzee mmoja alisema wa kwanza, maana wa pili ulimkumbusha kuku anayedonoa mtama. Mama mmoja aliyekaa nyuma alisema wa pili, kwa sababu aliweza kusikia kila mkono unasema nini. Wakaanza kubishana, na chai ikachelewa. Mwenzangu alikuwa akitabasamu pale penye piano. Maksi zake za mashindano hazikubadilika, wala hakuomba zibadilishwe.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, na kwamba mwanafunzi mwenye mtihani mbele yake afuate kitabu alichopewa. Nawajibu kwa heshima kwamba hatukuacha kufuata. Tumejifunza kufuata kwa kujua. Vitabu vizuri vya siku hizi husaidia. Mwaka 1948 Günter Henle alianzisha huko Ujerumani nyumba ya uchapaji yenye nia ya kutoa muziki kama watungaji walivyouacha, na wengine pia hufanya kazi hiyo. Vitabu vya namna hii mara nyingi hutaja katika dibaji vilitoka katika miandiko na chapa zipi, na alama zilizoongezwa na mhariri huwekwa katika mabano au kwa wino mwembamba. Hata hivyo mhariri wa kitabu cha namna hii naye ni mwanadamu. Palipo na mashahidi wanaopingana yeye amechagua mmoja, na msomaji ana haki ya kujua kwa nini.

Kwa wenzangu wa Chama cha Muziki nina shauri la mambo manne. Kwanza, usiipige nota hata moja kabla ya kusoma dibaji, na kama ukurasa wa kwanza umeng'oka, fahamu kwamba shahidi wako hana jina. Pili, pata kitabu cha pili, ulinganishe kwa jedwali, wala usitegemee kumbukumbu ya macho. Tatu, uliza kila kitabu kilinakiliwa kutoka wapi, usihesabu mtu na mwangwi wake kuwa ni watu wawili. Nne, ukishajua alama ni ya nani, ipe heshima inayoistahili. Ikiwa ni ya mtungaji, itii hata kama vidole havipendi, maana huenda yeye aliona usichokiona. Ikiwa ni ya mhariri, isikilize kama unavyomsikiliza mzee mwenye busara, kisha uamue mwenyewe na uwe tayari kutoa sababu.

Na kwa wale wanaokaa katika viti vya waamuzi, ambao baadhi yetu tutakuwa wao siku moja, naomba jambo moja tu. Kabla ya kuandika katika karatasi ya kijana kwamba hakumfuata mtungaji, tazameni kwanza kama mtungaji alisema neno. Karatasi ile ni nyepesi, lakini kijana huibeba mfukoni kwa muda mrefu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nukta ni ndogo sana, na atakaye kujua ilikotoka hana budi kuinama zaidi ya wengine.